Tumesikia

Zam hakuketi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifika kwenye baraza ya Agnes Keji kila asubuhi, anatua beseni lake la samaki wakavu, anavuta kigoda, anaketi, ndipo anasalimu. Jumatatu hiyo alisalimu akiwa amesimama, beseni likiwa bado kichwani, na mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Lemi, wewe unajua kusoma. Nisomee hii barua. Usiruke neno."

Agnes aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Ndiye aliyeshona sare za shule ya sekondari ya parokia hapo Koboko, na mapajani mwake palikuwa na sketi ya bluu iliyobaki pindo tu. Shule aliishia darasa la sita. Kiingereza chake alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya nyimbo na magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama mtu anayechambua mchele.

Barua ilikuwa na mhuri wa shule. Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna msichana atakayefunika kichwa ndani ya uwanja wa shule. Wanafunzi wote wa kidato cha nne, wa dini yoyote, watahudhuria Misa kila Jumapili. Asiyetii hataandikishwa kwa mtihani wa taifa, na uandikishaji ungefungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kisha ukaja mstari wa mwisho. Agnes aliusoma kwanza kimya, halafu kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameambiwa asiruke neno.

"Uamuzi huu umetokana na ombi la kina mama Wakatoliki wa Koboko, ambao wamekubali kwa sauti moja."

Zam alimtazama.

"Wamerudisha watoto wane," alisema. "Binti yangu Afisa iko nyumbani, analala anaangalia ukuta. Mimi sikuja kulia hapa. Mimi nataka kuuliza moja tu. Nyinyi kweli mulisema hivi?"

"Hapana."

"Iko imeandikwa."

"Naona imeandikwa."

"Na kitambaa ya Afisa nani alishona?"

"Mimi."

"Haya," alisema Zam. Alichukua karatasi yake, akavuka barabara, akatandaza samaki wake upande wa pili, mbele ya duka la chumvi. Siku nzima hakugeuza uso.

Agnes alimaliza pindo la sketi, kwa sababu kazi ya mtu haina kosa. Kisha akafunga cherehani na kwenda nyumbani kutafuta kitabu.

Alikuwa katibu wa umoja wa kina mama wa parokia kwa mwaka wa saba. Vitabu vyake vilikuwa madaftari ya shule yaliyofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka: aliandika maneno kama yalivyotoka mdomoni. Mtu akisema "labda", aliandika labda. Alifunua mpaka Jumapili ya pili ya Kwaresima, akakuta mwandiko wake mwenyewe:

*Baada ya Misa Bw. Lado, mwenyekiti wa bodi ya shule, alisema shule yetu itarudisha roho ya Kikatoliki. Alisema vichwa vyote vitakuwa namna moja na watoto wote watasali pamoja. Akauliza: Mumesikia? Kina mama: Tumesikia. Tukafunga kwa sala.*

Ni hilo tu. Hakuna aliyeomba, wala hakuna aliyepiga kura.

Mtu ambaye hakukulia Koboko anaweza kushangaa jinsi neno moja linavyogeuka hivyo. Kanisani mwao wanakaa Wakakwa, Walugbara na watu waliotoka ng'ambo ya mipaka, kwa hiyo matangazo husomwa kwa Kiswahili ili yamfikie kila mtu. Baada ya kila tangazo katekista huuliza, "Mumesikia?" na kina mama hujibu, "Tumesikia." Hujibu hivyo kwa mbuzi aliyepotea, kwa ndoa inayotangazwa, hata kwa choo kilichobomoka. Maana yake ni kwamba sauti imefika. Ukiitwa ukiwa unakoroga uji unajibu "nimesikia", na mwiko unaendelea kuzunguka.

Lakini Koboko ina Kiswahili kingine, cha kambini. Nusu ya nyumba za mji zilikuwa na baba au babu aliyevaa buti, na huko neno hilo halikuwa na hiari. Ukiulizwa umesikia, ukajibu nimesikia, basi umeipokea amri, na kesho usipoitimiza unalala kifudifudi uchapwe. Lado alizaliwa kambini. Agnes naye alikuwa binti wa sajini. Alizijua maana zote mbili tangu utoto, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Jumapili ile alikuwa kwenye benchi la tatu, akifikiria maharage aliyoyaacha motoni, na kinywa chake mwenyewe kilijibu pamoja na vinywa vya wengine.

Hakutaka kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Siku ya pili asubuhi alikwenda shuleni.

Mkuu wa shule, Mwalimu Dramadri, alikuwa mtu wa Arua, mwembamba, mwenye kupanga kalamu zake mezani kwa urefu. Alimtolea faili bila kubisha. Muhtasari wa bodi ulisema vilevile: kina mama wamekubali kwa sauti moja.

"Mwalimu, nani aliandika hivi?"

"Bodi ndiyo huandika, mama. Mimi napiga mhuri."

"Na bodi ikiandika uongo?"

"Jumapili hiyo sikuwapo. Nilikuwa Manibe, mazishini." Alisogeza kalamu moja. "Afisa ndiye wa kwanza darasani kwa hesabu. Unafikiri nimependa?"

"Basi kupenda kwako kumemsaidia nini?"

Agnes aliona kwamba Dramadri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kupoteza kazi. Lakini alipokuwa akivuka uwanja alihesabu siku zilizobaki kwa vidole, akakuta woga wa mtu mwema unamfungia mtoto mlango sawasawa na ubaya wa mtu mbaya.

Baba paroko alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamishiwe Koboko. Alimsikiliza Agnes mpaka mwisho, akaomba kuliona daftari, akalisoma mara mbili.

"Mimi niliambiwa nyinyi wenyewe ndio mlioomba," alisema. "Niletee neno la kina mama, limehesabiwa na kuandikwa majina. Nitaiita bodi ikae mara moja. Bila hilo nitakuwa nabishana na karatasi kwa mdomo."

Kwa hiyo Agnes alikwenda kwa mwenyekiti wao, Stella Kiden, akamkuta anabangua karanga uani. Alimweleza yote. Stella hakuacha kubangua.

"Mkutano wetu iko mwezi ujao."

"Uandikishaji unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, mama."

"Keji, nikuambie kweli. Mimi niliposema tumesikia, nilikubali. Nilimwelewa Lado vizuri. Matofali ya ile shule nilibeba kwa kichwa hii, na mimba ya miezi sita. Shule iko yetu. Anayetaka kwetu afuate ya kwetu."

Agnes hakulitegemea hilo. Alitoa kalamu. "Naweza kuandika hivyo? Kwamba wewe ulikubali?"

"Andika. Na jina langu weka. Lakini usinitilie maneno ya wengine."

"Hapo hatugombani, mama. Mimi pia sitaki kutiliwa."

Stella alicheka kidogo, akamsukumia karanga kiganja kizima. Wakala, kila mmoja na lake moyoni.

Alibaki Lado. Alikuwa na duka la mabati na misumari kwenye njia ya Arua, na ingawa kampeni hazijafunguliwa, ukutani pake palikuwa na picha yake, mkono kifuani, na maneno ya kuomba kiti cha wilaya mwakani. Alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, na alimletea Agnes kiti mwenyewe.

"Mama Lemi, nimesikia unazunguka na daftari."

"Nazunguka, mheshimiwa. Natafuta mahali tulipokubali."

"Mliniuliza swali siku ile? Mlinikataza?"

"Hatukukuuliza."

"Basi? Mtu mzima anayesikia jambo asilolitaka hukataa hapohapo."

"Katekista alipotangaza mbuzi wa Loro amepotea, tulisema tumesikia. Tulikubali apotee?"

Lado alitabasamu, halafu tabasamu likaondoka taratibu. "Wewe unanichekesha, lakini mimi nakumbuka. Nilipokuwa mtoto katika mji huu, wenzangu waliniita kafiri nikienda kanisani. Mama yangu alificha rozari yake ndani ya mtungi wa unga. Ndani ya unga, Keji. Sisi tuko wachache hapa. Usipoonyesha nguvu watakukanyaga."

Lile lilikuwa kweli, na Agnes alijua maumivu ya mtu hayajibiwi kwa haraka. Hata yeye aliukumbuka unga uliokuwa ukimwagika kwenye shanga za rozari ya kwao.

"Mama yako alificha rozari, na mpaka leo inakuuma," alisema mwishowe. "Sasa unamtaka Afisa afiche nini, na kwa miaka mingapi?"

"Siasa iachie wenye siasa, mama."

"Ningeiacha. Ila umeifanya kwa jina langu."

"Na sare mwakani utashona za nani?" aliuliza Lado kwa upole uleule.

"Watoto hawatakwenda uchi, mheshimiwa." Aliinuka. Njiani aligundua kwamba bado anakishika kiti cha Lado kwa mkono mmoja; alikuwa ametoka nacho mpaka barabarani. Akakirudisha, akakiweka mlangoni, na hasira yake ikawa kubwa kuliko alipokuwa akizungumza.

Kabla ya kufunga kazi alivuka barabara kwenda mbele ya duka la chumvi, akamweleza Zam alikofika. Zam aligeuza samaki wawili, wa tatu.

"Barua ya kwanza ilisema mumekubali," alisema. "Ngoja mimi nione ya pili."

Jumamosi ilikuwa siku ya mkusanyiko wa kina mama wa jimbo zima, Arua. Kila mwaka wanawake wa Koboko huenda, na mwaka huo walikwenda arobaini na watatu, wote kwa kitenge kimoja. Agnes alikuwa ameomba jambo lake litiwe katika ratiba, akajibiwa kwamba ratiba imekwisha chapwa. Aliambiwa pia kwamba Bw. Lado atapewa dakika tano za kuwasalimu kina mama, kwa kuwa ni mlei mashuhuri.

Basi alimtafuta Mama Eyotaru. Huyo alikuwa mwenyekiti wa umoja wa jimbo, mkunga mstaafu wa Ayivu, mwanamke wa miaka sabini aliyezalisha nusu ya ukumbi ule. Alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, anaonja maharage ya watu mia tatu.

"Chumvi haitoshi," alimwambia mpishi. Kisha akamgeukia Agnes. "Wewe ndiye wa daftari. Ukumbini humu hatufanyi siasa, binti yangu."

"Siasa imekwisha fanywa, mama. Imefanywa kwa jina letu. Naomba tuifanye wenyewe."

Eyotaru alionja tena. "Huyo msichana anataka kubatizwa?"

"Hapana."

"Mama yake?"

"Hapana. Siku hizi hata salamu hanipi."

"Halafu wewe unapata nini?"

Agnes alifikiri. Maswali ya mkunga hayajibiwi ovyo. "Jina langu limetumika kufungia mtu mlango. Nataka lirudi. Na yule mtoto aandikwe, maana mlango ulifungwa kwa jina hilo."

"Mapadre watasema Eyotaru amezeeka vibaya," alisema yule mama. Aliifunika sufuria. "Keti mbele. Ukisimama nitakuona."

Lado alikuja saa tano, wakati chai inagawiwa. Alivaa suti ya kijivu na kofia ya rangi ya chama chake. Alisema Tumsifu Yesu Kristo, wakamjibu. Alisifu vitenge, alisifu sala zao, alitania kwamba wanaume wa Koboko wamebaki nyumbani wakiunguza ugali, wakacheka.

"Sisi wa Koboko tumeonyesha njia," aliendelea. "Kina mama wetu wenyewe wameomba shule yao iwe ya Kikatoliki kwelikweli. Kila mtoto asali pamoja na wenzake. Kila kichwa kiwe wazi mbele ya Mungu. Mwakani mkinipa nafasi, nitapigania hivyo katika kila shule ya kanisa. Mumesikia?"

"Tumesikia," ukumbi ukajibu.

Walijibu wote, mia tatu, wengine mkate ukiwa mdomoni. Agnes aliihisi silabi ya kwanza ikimtoka na yeye pia. Aliifunga midomo, akasimama.

"Mama mwenyekiti, naomba kumuuliza mgeni swali moja."

"Uliza," alisema Eyotaru kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

"Mheshimiwa, hawa kina mama wamejibu. Sasa hivi wamekubali nini?"

Lado alinyoosha mikono. "Wamekubali niliyosema. Wote tumewasikia."

Ukumbi ukanung'unika. Mwanamke mmoja wa Vurra, mwenye mabega mapana, aliinua kikombe chake juu. "Nani kakubali? Mimi nilikuwa napokea chai."

"Umejibu tumesikia, mama," alisema Lado akitabasamu.

"Mimi kwetu ni mpakani. Nasikia honi za malori usiku na mchana. Nimeyakubali malori yote?"

Kicheko kikapita kama upepo kwenye mtama. Lado alingoja kiishe. "Huyu aliyeuliza ni fundi wetu wa sare," alisema. "Leo amekuwa wakili."

"Na kofia yako, mheshimiwa?" Sauti ilitoka nyuma, hakuna aliyejua ya nani. "Kichwa wazi mbele ya Mungu ni cha wasichana tu?"

Lado aliivua kofia. Alionekana kutojua aiweke wapi, akaishika kwa mikono miwili.

Agnes hakuwa msemaji. Sauti yake haikupanda, na wa nyuma walilazimika kunyamaza ili imfikie kila mmoja. Alisoma nakala ya barua aliyoiandika kwa mkono wake kutoka kwenye faili la Dramadri, neno kwa neno, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasoma daftari lake la Jumapili ya pili ya Kwaresima. Vikombe viliacha kugongana.

"Vile vitambaa nilivishona mimi," alisema. "Vinne. Nilivipima vichwa vya watoto hao kwa mikono hii, na hakuna aliyenikataza, maana shule ndiyo iliyoniagiza. Katiba ya nchi hii inampa kila mtu dini yake. Mimi nilifundishwa katekisimu na marehemu baba yangu, na alinifundisha kwamba imani ya kulazimishwa Mungu haihesabu. Sina elimu nyingine. Lakini najua sikumwambia mtu amfukuze Afisa, na kuna karatasi yenye mhuri inayosema nilimwambia. Mtoto huyo analala anaangalia ukuta. Mama yake ameketi nami miaka kumi na mmoja, leo anavuka barabara ili asinione. Yote haya kwa neno tunalolisema hata mbuzi akipotea. Atakayetaka kumfukuza mtoto, amfukuze kwa jina lake mwenyewe. Langu alirudishe."

"Mtajuta," alisema Lado, na kwa mara ya kwanza upole ulimwishia. "Mnafikiri Waislamu watawapigia makofi?"

"Hatukuomba makofi," alisema Agnes.

Eyotaru aliinuka. Alisimama akiegemea meza kama mtu anayepima uzito wake mwenyewe.

"Kura ya mdomo imetuletea shida," alisema. "Leo tutapiga ya miguu, kama tunavyochagua wenyekiti wa vijiji. Wa Koboko peke yao. Ni jina lao, si letu. Anayeikubali barua apange mstari nyuma ya Bw. Lado. Anayeikataa apange nyuma ya Keji. Asiyetaka kitu akae, hatapigwa."

Kisha mtu wa kwanza kuinuka alikuwa Stella Kiden. Alivuka ukumbi taratibu, akasimama nyuma ya Lado, kidevu juu, akamtazama Agnes bila haya na bila chuki. Wanane wakamfuata. Agnes alisimama peke yake kwa kitambo ambacho kilimtosha kujiuliza kama si yeye aliyesikia vibaya.

Halafu benchi la kati likainuka lote kwa pamoja, na wakaanza kuja, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mstari ukajaa mpaka mlangoni, ukapinda. Eyotaru alipita akihesabu kwa kumgusa kila mmoja begani, akarudia kutoka mwisho. Nyuma ya Lado, tisa. Nyuma ya Agnes, ishirini na wanane. Waliokaa, watano. Na yeye Agnes mwenyewe.

Agnes aliandika majina yote, ya mistari miwili, na waliokaa pia. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba. Alipofika kwa Stella alimpa kalamu, naye akatia sahihi yake kwa herufi kubwa. Lado hakungoja maharage.

Jumapili karatasi ilikuwa mikononi mwa baba paroko. Aliiita bodi ikae kesho yake, Jumatatu, lakini wajumbe walikosekana, wakakosekana tena Jumanne. Jumatano walikaa saa nne nzima. Alhamisi jioni paroko alimtumia Agnes ujumbe wa simu: barua ya kwanza imefutwa, nyingine itatoka kesho asubuhi.

Agnes hakuutegemea ujumbe huo pekee. Alfajiri alipita nyumba nne, na saa mbili wasichana wote wanne walikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule, na sare zao, na vitambaa vyeupe. Zam alikuja na binti yake. Alisimama pembeni, mikono imefungwa.

Dramadri alitoka na barua mpya, akamkabidhi Agnes kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na nafuu. "Imekwisha, mama. Saini ya mwenyekiti hii hapa."

Agnes aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Benchi zima likamngoja. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa, bodi kwa huruma yake imemruhusu mwanafunzi Afisa."

"Ndiyo, mama."

"Afisa amekosa nini mpaka ahurumiwe?"

"Ni lugha ya ofisi tu."

"Lugha ya ofisi ndiyo iliyotufikisha hapa, Mwalimu. Pia naona jina moja. Wasichana ni wanne."

Dramadri alishusha sauti. "Afisa ndiye mliyemtaja zaidi. Hao wengine tutawaingiza kimyakimya. Mama, nakuomba. Kompyuta inafungwa saa sita. Mwenyekiti amekwisha saini."

"Basi atasaini tena. Duka lake haliko mbali."

"Atakataa."

"Akikataa, atakataa kwa maandishi, nami nitaipeleka kwa paroko akaiweke pamoja na ile ya majina." Alimrudishia karatasi. "Ondoa huruma. Andika kwamba walifukuzwa kwa makosa, na wanarudi kwa haki yao, wote wanne, na nguo zao. Na ule mstari wa kina mama kukubali, andika kwamba si kweli."

"Hiyo nayo?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

"Mama Lemi," alisema Zam kutoka pembeni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mutoto ataandikwa. Si inatosha? Muda inakwisha."

Agnes alimgeukia. Alijua anamchezea kamari mtoto wa nani, na alimwogopa Zam kwa wakati huo kuliko alivyomwogopa Lado. "Wakimwandika kwa huruma, Mama Afisa, muhula ujao huruma inaweza kuisha. Nikikosea, nihukumu mimi."

Zam alimgeukia binti yake.

"Mimi sikukosa kitu," alisema Afisa.

"Haya," alisema Zam. "Andika upya, Mwalimu. Andika mbio."

Dramadri aliingia ndani. Wakasikia vidole vyake kwenye kompyuta, vikisimama, vikianza tena. Karani alitumwa dukani kwa bodaboda kumwita Lado na kumfikishia maneno ya Agnes. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Msichana mmoja alianza kulia bila sauti na mwenzake akamkanyaga mguu ili anyamaze.

Lado alifika saa tano na nusu. Hakusalimu mtu. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena kama Agnes alivyosoma, akatia saini, akaiacha mezani kalamu ikiwa wazi. Agnes aliomba nakala nne. Dramadri akazigonga mhuri moja baada ya nyingine.

Kisha karani akafungua mlango wa chumba cha kupigia picha za uandikishaji, akatazama orodha, akaita jina la kwanza. Afisa akaingia, akaketi mbele ya shuka jeupe, na karani akamwambia ainue kidevu.